Mwaliko

Nilianza na ngoma ya mashine ya kufulia,
chuma kisichoshika kutu, matundu yake
yanapitisha moshi lakini hayapitishi punje.
Niliichimbua Gikomba, chini ya milango ya friji.
Muuzaji alidhani nataka kufungua dobi.
Nikamwacha adhani. Bei ya dobi ilikuwa nafuu.

Mota ni ya wipa, ya Pijo kuukuu.
Miaka yote hiyo ilifuta mvua ya watu wengine;
nikaifunga mnyororo wa baiskeli, nikaiambia: zunguka.
Ikazunguka kwa pupa,
buni zikagandama ukutani zisidondoke.
Nikabadilisha gia. Nikachomelea mapezi matatu ndani,
yamepinda kama kiganja kinachochota pojo.
Mizunguko hamsini kwa dakika.
Niliihesabu kwa alama ya chaki, gesi ikiwa chini kabisa,
juu ya dari ya ghorofa yetu, Kariobangi,
katikati ya kamba za nguo.

Mkaango wa kwanza: nje mkaa, ndani nyasi.
Wa pili, makapi yalishika moto
na Bi Nyakerario wa chumba cha nane
akapanda ngazi na beseni la maji ya sabuni.
Wa tatu sina la kusema. Hata paka alihama.

Sasa, huyu Bi Nyakerario
alichambua buni kiwandani miaka kumi na tisa,
mkanda ukipita, vidole vyake vikidona
iliyovunjika, iliyotobolewa, iliyochacha.
Aliinusa aibu yangu, akaweka beseni chini.
"Wewe unatazama rangi. Rangi ni mwongo.
Sikiliza. Ikialika, hesabu dakika moja na nusu, umwage."

Nikamwambia arudie.
Akarudia. Nikamwambia arudie.
Ndipo akaacha kuitazama mashine
akanitazama masikio.

Miaka thelathini na mmoja Kamukunji:
nyundo juu ya bati, masanduku ya watoto wa bweni,
majiko, karai, mia yetu tukigonga kwa pamoja,
na hakuna aliyetuambia kwamba kelele nayo hukaanga.
Sauti nyembamba ndizo zilizoungua kwanza:
ndege, mluzi wa birika,
mke wangu akiniita kwa upole.
Akiniita kwa hasira bado nasikia.

Kwa hiyo nimechora, nimekata, nimechomelea
kitu kinachozungumza na dari nzima
isipokuwa mimi.

Siku tatu sikuigusa. Nguo zikakauka juu yake.

Ya nne nikachukua nondo nyembamba, urefu wa dhiraa,
ncha moja nikaiegemeza kwenye bamba la mbele,
ncha ya pili nikaivika kipini cha mwiko uliovunjika,
nikauma.

Mwanzoni ni mnyororo tu, grrr, kwenye taya.
Kisha punje zenyewe, zikimiminika na kupanda,
mchanga ndani ya fuvu langu.
Dakika ya saba, hakuna. Ya nane,
harufu ya mkate, hakuna.
Ya tisa na kidogo:
tik.
Kwenye gego la kushoto, lile bovu.
Tik. Tik-tik. Halafu nyingi, kama bisi kwa jirani,
zikipanda mfupa hadi nyuma ya macho.

Bi Nyakerario aliinua mkono kuniashiria.
Akakuta wangu uko juu tayari.

Lugha hii imeyapa mambo mawili neno moja:
buni hualika motoni,
na mtu humwalika mtu nyumbani.
Nililitumia maisha yangu yote bila kulipima.
Nusu kilo, nimeimwaga kwenye ungo,
feni ya mezani inapeperusha maganda
yanatua kwenye shuka za watu,
na kesho nitatukanwa kwa sauti nene, nitakayoisikia vizuri.

Mke wangu ameuliza nani ametafuna mwiko.
Nimemwambia akae. Nimwagie maji yachemke.
Vikombe vinne: cha tatu cha chumba cha nane,
cha nne bado sijui cha nani.